Picha ya Tumbo la Magdalena

8 Desemba 1974, Jumapili

Magdalena amefika leo kwa lori la mahindi ya njano ya msaada. Yeye alikaa mbele na dereva, mumewe nyuma juu ya magunia. Wameshusha godoro, sanduku la bati na kuku wawili waliofungwa miguu. Halafu akashuka yeye, tumbo mbele, na dereva, kuli na mumewe wote wakanyoosha mikono kumpokea. Watu watatu kumshusha mtu mmoja. Mimi nimepanda na kushuka malori maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunipa hata kidole.

Ni mdogo wangu wa mwisho. Nimempita miaka kumi na miwili, na mgongo wangu ndio uliomlea. Mumewe, Anselm, ni mwalimu katika kijiji kipya kupita Ihanja. Walihamia huko mwezi wa nane wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na mpaka leo wanalala kwenye kibanda cha majani ambacho mvua ya kwanza tu imekitoboa. Kwa hiyo imeamuliwa kwamba Magdalena akae hapa kwetu mjini, Utemini, karibu na hospitali, mpaka ajifungue. Sikuulizwa, niliambiwa. Nimesema karibuni. Ningesema nini?

Tulipokuwa tunakula, Anselm alinawa mikono mapema akasema, "Shemeji, nina ombi. Nataka mumpige Magdalena picha. Hivi alivyo."

"Hivi alivyo vipi?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Na tumbo lake. Mtoto akikua nimwonyeshe, hapa ndipo ulipokuwa unakaa wewe."

Mume wangu Damiani aliacha kutafuna. Miaka yote tuliyo na studio hii tumepiga maharusi, watoto wa kipaimara, wanachama wa TANU, hata marehemu kwenye jeneza. Mama mjamzito kwa ajili ya ujauzito wake, hatujampiga hata mmoja. Akija kwa shughuli nyingine tunamwekea mbele kile kigoda cha maua ya plastiki, tumbo linabaki nyuma ya maua, anakwenda zake salama. Mimba haipigwi picha. Kila mtu anajua hivyo, isipokuwa Anselm, ambaye amesoma chuo.

Nikasema filamu ni chache siku hizi, tutaona. Damiani akanitazama. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo.

9 Desemba

Damiani ameondoka asubuhi na watu wa mkoa kupiga picha za vijiji vipya. Atarudi karibu na Pasaka. Amechukua kamera ndogo, mimi ameniachia ile kubwa ya mbao tuliyonunua kwa Mhindi alipohama. Anselm naye amerudi shuleni kwake. Tumebaki wawili na tumbo.

12 Desemba

Mvua. Magdalena anatafuna udongo wa kichuguu, kaufunga kwenye pindo la kanga. Nimefagia makombo yake mara mbili.

15 Desemba, Jumapili

Jirani yetu Mama Petro alikuja baada ya misa. Kwa kawaida huja kuazima chumvi na kuondoka. Leo kaketi mpaka jua limeondoka uani. "Hujambo, mama kijacho? Umelalaje? Anacheza?" Kamletea mlenda wa kwake na karanga za kukaanga. Alipotaka kuaga ndipo akanikumbuka. "Haya, Mama Studio, tutaonana."

Mama Studio. Hapa mtaani kila mwanamke anaitwa kwa jina la mwanawe, mimi nimepewa jina la chumba cha biashara. Nimelizoea. Lakini Magdalena hajazaa bado na tayari ana jina kamili, la mtoto ambaye hata yeye hamjui.

Karanga nilizila mimi. Zilikuwa tamu.

21 Desemba

Mvua siku ya tatu. Wateja hawaji, na wakija wanakaa na Magdalena barazani wakicheka, mimi niko ndani nachanganya dawa za kusafishia picha. Ana kicheko cha mtu ambaye hajawahi kunyimwa. Alipokuwa mdogo ndivyo alivyokuwa. Mimi nilitolewa shule darasa la sita ili nimlee yeye. Yeye akafika darasa la kumi. Mimi nilipewa mume aliyechaguliwa; yeye alichagua. Kila nilichokisubiri mlangoni, yeye alikikuta mezani.

Leo kaniomba nimfunge kamba za viatu kwa sababu hafikii. Nimezifunga. Nimezikaza zaidi ya inavyotakiwa.

25 Desemba

Krismasi. Tumechinja kuku mmoja wa Magdalena. Paja kapewa yeye.

6 Januari 1975

Mama amekuja kutoka Ilongero na kibuyu cha asali na unga wa mtama, kwa sababu amesikia tunakula unga wa njano na hataki mjukuu wake ajengwe kwa chakula cha meli. Kafika, kampapasa Magdalena mgongo mpaka kiuno, kamfunga uzi mweusi. Mimi nimemsalimu shikamoo mara mbili ndipo akaitikia.

Magdalena hakukawia kumweleza habari ya picha. Hajui kuficha, hajawahi kuhitaji kuficha. Mama akaanza kusema kwa Kinyaturu, maana Kiswahili chake huisha akikasirika. Kwa kifupi: kitu kilichofunikwa na Mungu hakifunuliwi na fundi. Nilifurahi sana. Nikasema, "Mnaona? Mama amekataa." Wala sikuwa nafurahia mila.

9 Januari

Nilikuwa katika chumba cha giza nikisafisha picha za wanachama wa tawi. Chumba kile kina kidirisha kilichozibwa kwa blanketi, na nyuma yake ni uani. Mama na Magdalena walikuwa wanachambua mboga pale nje, hawakujua niko ndani.

"Usimwachie dada yako nguo zako azifue," Mama alisema. "Na akikupikia huku amenuna, usile."

"Mama, huyo si dada yangu?"

"Ni dada yako, nimemzaa mimi. Jicho halichagui ndugu. Mtu aliyekosa akikutazama sana, unatafunwa polepole. Simlaumu. Nakwambia tu ujilinde."

Nilisimama na mikono ndani ya dawa. Niliisahau picha, na nilipotazama katibu alikuwa ameungua, mweusi wote pamoja na kofia. Nikamtupa. Nililia kidogo, bila sauti, kwa sababu ya kidirisha.

Kilichoniuma si kwamba Mama amesema uongo. Kiliniuma kwa sababu namtazama kweli. Namtazama anapokula, anapolala kiubavu, anapoweka sahani ya chai juu ya tumbo kama meza na kucheka inapotikisika. Sijui kama jicho langu lina sumu. Najua tu kwamba halishibi.

Usiku nilipika nikiwa nimenuna, makusudi, wote waone. Magdalena akala ugali wangu wote, akaomba na ukoko. Hata ujasiri kapewa yeye.

20 Januari

Mama amerudi Ilongero kwenye palizi. Nyumba imepata pumzi.

28 Januari

Leo Magdalena kaniuliza kwa nini simtaki Anselm na picha yake. Nikamwambia ni filamu. Sasa naandika ukweli hapa, maana kwa mdomo haujawahi kutoka.

Mwaka 1966 tulikuwa bado tunakaa Ilongero kwa wakwe. Damiani alikuwa ametoka kujifunza kazi Dodoma, amerudi na kamera ya sanduku, anampiga picha kila mtu na kila ng'ombe. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja nikavaa gauni la kitenge, nikasimama ukutani nikamwambia, nipige na mimi, hivi hivi. Alikuwa ameshainua kamera. Mama yake akatoka ndani akasema, mimba haipigwi picha. Damiani akairudisha kamera kwenye mkoba. Hakubisha hata neno moja.

Baada ya wiki chache mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Wanawake walimchukua kwenye kipande cha kanga, hawakunionyesha, wakisema nikimwona nitamkumbuka. Mtoto ambaye hakulia haliliwi, ndivyo walivyoniambia, na kesho yake niliteka maji. Alizikwa nyuma ya zizi. Mwaka jana boma lile lilihamishwa, pakalimwa, sasa ni shamba la kijiji. Nilipita hapo kwenye basi. Mtama umeota vizuri.

Sijui kama alikuwa na nywele. Baba yake alikuwa mpiga picha, na hakupata hata picha moja. Sasa mtoto wa Magdalena hajazaliwa, na tayari baba yake anamtafutia. Huu ndio wivu wangu. Mengine yote, viatu, karanga na kicheko, ni matawi tu.

2 Februari

Mvua usiku kucha. Paa la jikoni linavuja.

9 Februari, Jumapili

Anselm alikuja kwa baiskeli kutoka kijijini, amechafuka matope mpaka magotini, amebeba gauni jipya la bluu alilomshonesha mkewe. Mama hayupo. Damiani hayupo. Filamu zipo, kaziona mwenyewe kwenye kabati. Sikuwa na pa kujificha.

"Shemeji, leo," akasema.

Nikafungua madirisha ya studio nipate mwanga, maana mawingu yalikuwa mazito. Nikashusha lile pazia lililochorwa bustani. Magdalena akasimama mbele yake. Mkono wangu wenyewe, kwa mazoea, ukachukua kile kigoda cha maua ukakiweka mbele ya tumbo.

"Dada, toa hayo maua."

"Ndivyo tunavyofanya."

"Nimekuja kupigwa mimi au maua?"

Akakisukuma pembeni kwa mguu. Anselm akacheka, akatoka kwenda barazani kwa sababu nilimwambia anazuia mwanga. Hakuwa anazuia kitu.

Sikujua nimweke vipi. Bwana harusi najua mkono wake unakwenda wapi. Mwanachama wa TANU najua kidevu chake kiinuke kiasi gani. Kwa mwanamke aliyesimama na tumbo lake mbele ya watu, hakuna aliyenifundisha. Nikamgeuza ubavu, nikaona halikai vizuri, nikamrudisha mbele, tumbo likapotea ndani ya bluu. Mwishoni nikamwambia asimame anavyosimama akiningoja nimalize kupika. Akageuka nusu, akaweka mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu yake. Ikawa ndiyo yenyewe.

Kisha nikaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Kwenye kioo cha ile kamera mtu huonekana kichwa chini miguu juu. Nilimwona Magdalena ananing'inia, na tumbo lake limekaa juu ya kila kitu kama jungu lililotundikwa. Chini ya kitambaa hakuna anayekuona unavyotazama. Nikatazama nilivyotaka, nilitazama mpaka macho yakaanza kutoa machozi. Alikuwa mzuri. Nasema hivyo mimi, ambaye ningependa kusema kinyume chake. Nikaomba, Mungu, kama jicho langu ni baya, ubaya wake unirudie mwenyewe. Na kabla sijasema amina nikamuuliza, lakini kwa nini yeye?

Nikatoka, nikaweka filamu, nikashika kifuniko cha lenzi. Kwa mwanga ule wa mawingu ilinibidi nihesabu mpaka mbili.

"Tulia. Usipumue."

Nikakivua. Moja, mbili. Nikakirudisha.

Magdalena akaangua kicheko. "Mimi nilitulia, Dada. Ni huyu aliyepiga teke."

11 Februari

Nimeisafisha. Uso umetoka safi, kila unywele umeonekana. Mikono safi. Lakini ubavuni mwa tumbo, pale chini ya kiganja, gauni limetikisika, pana ukungu mdogo. Ni lile teke.

Kwa kazi yetu hiyo ni picha iliyoharibika. Damiani angempiga tena bila maneno. Nami nina filamu nyingine kabatini.

Nimefanya hivi: nimeikuza uso na mabega tu, kama za kadi za chama, na kukata kila kilicho chini ya kifua. Nikampelekea Magdalena ikiwa bado na maji. "Sehemu nyingine imeharibika, mtoto alicheza," nikamwambia. "Na ile ilikuwa filamu ya mwisho."

Akaitazama muda mrefu. "Kumbe nina uso mzuri," akasema. Halafu akaenda kulala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Filamu yenyewe nimeificha ndani ya boksi tupu la karatasi. Nilifikiri nitajisikia vizuri. Nimejisikia vizuri mpaka wakati wa chai.

12 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa. Sikwenda kuungama.

20 Februari

Anselm kaipata picha yake kwa mkono wa dereva wa lori. Ametuma salamu, shemeji asante, imetoka vizuri sana. Ningependa angenitukana.

3 Machi

Mvua, kisha jua, kisha mvua. Magdalena amevimba miguu. Naikanda kwa maji ya chumvi kila jioni. Jana, nikiwa nakanda, mtoto akapiga teke na Magdalena akauvuta mkono wangu haraka akauweka pale. Nilihisi kisigino. Niliutoa mkono kama niliyeshika sufuria la moto, nikasema maji yanapoa.

Kila siku nasema kesho nitamwambia ile filamu ipo. Kila siku anacheka na mtu barazani, nami naiacha mpaka kesho.

9 Machi, Jumapili

Mama amerudi kutoka Ilongero. Siku zimekaribia.

14 Machi, Ijumaa

Uchungu umemwanza Magdalena alfajiri. Tumempeleka hospitali kwa mkokoteni wa Mama Petro, mimi nikisukuma, Mama akitembea mbele. Mama Petro akasema nyuma yangu, kwa wema wake wote, "Ndiyo hivyo, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Niliendelea kusukuma.

15 Machi

Mtoto amezaliwa jana saa tisa mchana. Wa kiume. Hakulia.

Mkunga alijitahidi, nilikuwa mlangoni, niliona mgongo wake ukifanya kazi na niliona ulipoacha. Akageuka akatikisa kichwa. Nitaandika kitu ambacho sitamwambia padri. Kabla uchungu haujafika kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kilichosema, sasa tuko sawa. Kilikaa kwa muda wa kumeza mate. Lakini kilikaa, na nilikitambua, na kilikuwa na sauti yangu.

Halafu nikamsikia Magdalena anauliza, "Mbona kimya?" Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Nikaegemea ukuta.

Mama alimchukua mtoto kwenye kipande cha kanga. Magdalena akanyoosha mikono, Mama akasema, "Usimwone. Ukimwona utamkumbuka." Maneno yale yale. Nilitaka kusema mpe amwone. Mdomo ulifunguka, Mama akanitazama, na kwa lile jicho nikajua ameshahukumu. Nikaufunga. Hilo pia ni langu.

Walikwenda kumzika na wanawake wawili wa kanisani. Waliporudi, Mama alinikuta uani.

"Magdalena ameniambia ulimpiga picha."

"Nilimpiga."

"Iko wapi?"

"Iliharibika, Mama. Ulibaki uso tu."

"Kama iko mahali, ichome." Akakaa juu ya jiwe la kufulia, akafunika uso kwa kanga. "Sisemi umemuua. Lakini ulimtazama, Theodora. Mimi nilikuona, toka mwezi wa kwanza."

Hakuna aliyeniona vibaya kuliko nilivyojiona.

17 Machi

Anselm alikuja, alikaa chumbani na mkewe na mlango ukiwa wazi. Jioni aliondoka, shule haina mwalimu mwingine. Wanawake wanaingia, wanasema Mungu ndiye ajuaye, wewe bado mdogo, utapata mwingine. Hawasemi mtoto. Wanasema yale mambo, yale yaliyotokea. Mama Petro kaacha mlenda bila kuketi.

Leo maziwa yametoka. Magdalena aliniita chumbani, gauni limelowa kifuani, ananitazama kama mtoto aliyejikojolea. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hayo huja hata kama mwenyewe hayupo. Mimi nilijua. Nilichukua kanga kuukuu nikamfunga kifua, kwa kukaza, kuanzia chini kwenda juu, jinsi nilivyojifunga mwenyewe mwaka ule bila mtu wa kunishikia ncha.

"Alikuwa na sura gani?" akauliza.

"Sikumwona. Walishamfunika."

"Basi hakuna aliyemwona."

Nikafunga fundo.

19 Machi

Hakuna mvua. Magdalena hali. Ule ukoko aliouomba mwezi wa kwanza, leo nimempa na hakuugusa.

21 Machi

Nimelitoa boksi, nimeishika filamu mbele ya dirisha. Kwenye filamu nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Tumbo lake linang'aa. Niliwasha kiberiti. Mama ameniambia nichome, na kwa mara ya kwanza mwaka huu mimi na Mama tungekuwa na shauri moja. Wala hakuna ambaye angejua nilidanganya. Kiberiti kikaniunguza kidole, nikakitupa. Nikairudisha ndani.

Nimefikiri siku nzima. Wanawake walichukua wangu kwa kanga, wakachukua wake kwa kanga. Huyu nilimchukua mimi, kwa boksi.

23 Machi, Jumapili ya Matawi

Mama alikwenda misa. Nilibaki, nikasema kichwa kinaniuma. Magdalena alikuwa amekaa kitandani anaangalia ukuta.

Nikasema, "Ile picha haikuharibika."

Akageuka polepole.

"Nilikata uso nikakupa. Iliyobaki ninayo. Filamu nyingine pia zilikuwepo."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Nilingoja alie au anitukane. Akauliza tu, kwa sauti ya chini sana, "Ungeninyima mpaka lini?"

"Sijui, Magdalena. Labda mpaka mwisho."

Akainuka, akafunga kanga, akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningesimama nipigwe. Akasema, "Nipe."

Nikamwingiza katika chumba cha giza, yeye ambaye hakuwahi kuingia kwa sababu ya harufu ya dawa. Nikawasha taa nyekundu. Nikaikuza nzima, kuanzia nywele mpaka viatu, nikaizamisha karatasi kwenye dawa nikawa naitikisa sinia taratibu. Gauni la bluu ndilo lililotangulia, likaja kama doa. Kisha mikono. Uso ukaja mwisho, ukicheka kidogo. Na chini ya kiganja, ule ukungu.

"Hapa ndipo alipopiga," Magdalena akasema. Akaingiza kidole kwenye dawa akapagusa. Sikumkataza. "Dada, huyu ndiye. Alikuwa mzima hapa."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, jinsi ambavyo mtu haruhusiwi kumlilia mtoto ambaye hakulia, na mimi nilishika sinia lisimwagike. Na hapo hapo, Mungu aniangalie, wivu ukarudi. Ulirudi wote. Nilitazama ile karatasi nikawaza, yeye anaye. Ukungu wa ukubwa wa ukucha, lakini anaye, na mimi sina hata huo. Nikautoa mkono kwenye sinia nikaufuta kwenye aproni, nikaufuta tena.

Magdalena alinitazama usoni kwa ule mwanga mwekundu. Sijui aliona nini.

"Wako naye alikuwa anapiga upande huu?" akauliza.

Ni miaka tisa. Mama hajaniuliza, Damiani hajaniuliza. Ilibidi nikumbuke, na nilikumbuka mara moja.

"Hapana. Wangu alikuwa kulia. Chini kabisa, karibu na nyonga. Zaidi nikiwa nimekaa."

"Nionyeshe."

Nikauchukua mkono wake, ulikuwa umelowa dawa, nikauweka mahali penyewe. Hakuutoa mpaka tuliposikia watu wanatoka kanisani.